Mimba mpya baada ya mimba ya nje ya kizazi: mwongozo wa kuzivuka wiki za mwanzo

Kipimo kimeonyesha mistari miwili. Wengine wakiona hivyo huanza kuhesabu tarehe ya kujifungua. Aliyewahi kupata mimba ya nje ya kizazi huuliza jingine kabisa: safari hii imetunga wapi? Swali hilo lina jibu, ila jibu lenyewe halipatikani leo wala kesho, pengine hata wiki ijayo halitapatikana. Katikati ya swali na jibu ndipo hofu inapojenga nyumba.

Humu hutaambiwa "usiwaze sana". Ushauri huo hutolewa kwa nia njema na sijaona aliyesaidika nao. Hofu yako ina sababu: uliwahi kupitia jambo ambalo lingeweza kukuua, na pengine lilianza kimyakimya, na mistari miwili ileile. Kinachowezekana ni kuzigawa wiki hizi sehemu mbili. Kabla ya kujua mimba imekaa wapi, kazi yako ni usalama na kusubiri kwa mpangilio. Baada ya kujua, hofu hubadilika sura na hutaka kushughulikiwa kivingine. Wengi huishiwa nguvu kwa sababu wanapigana na hofu zote mbili kwa pamoja, wakiwa wiki ya tano tayari wanaogopa ya wiki ya ishirini.

Wiki zote humu zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kama wanavyohesabu wahudumu wa afya.

Hatua ya 1: Ijue hatari yako kwa tarakimu

Kumbukumbu inakwambia yatajirudia. Tarakimu zinasema hivi: aliyepata mimba ya nje mara moja ana uwezekano wa karibu asilimia 10 kuipata tena katika mimba inayofuata. Yaani kati ya wanawake kumi walio mahali ulipo leo, takriban tisa mimba yao haitakuwa ya nje. Kwa wanawake wote kwa jumla, mimba 1 hadi 2 kati ya 100 ndizo hutunga nje, kwa hiyo hatari yako kweli imepanda, na ndiyo maana unastahili kuchunguzwa mapema kuliko wengine. Aliyeipata mara mbili au zaidi hatari yake hufika asilimia 25 hivi, hata kupita. Huyo asikubali kuambiwa asubiri hadi kliniki ya kawaida ya wajawazito.

Kama mrija mmoja wa uzazi (njia ya yai kutoka ovari hadi kizazi) uliondolewa, usianze kupiga hesabu za yai limetoka upande gani mwezi huu. Mrija uliobaki unaweza kulipokea yai hata lililotoka kwenye ovari ya upande wa pili, kwa hiyo kuhisi kitu kushoto au kulia hakukwambii lolote la uhakika.

Na kuhusu lile swali la usiku, la kwamba ulifanya nini hata ikatokea: maambukizi ya zamani kwenye nyonga (klamidia na kisonono hasa), upasuaji wa mirija, uvutaji wa sigara na matatizo ya kushika mimba huongeza hatari, lakini karibu nusu ya wanaopata mimba ya nje hawana sababu yoyote kati ya zinazojulikana. Kubeba ndoo, kufanya tendo la ndoa, kusafiri au kugombana na mtu hakusukumi mimba kwenda kwenye mrija. Hata sasa hivi, mahali ilipotunga pameshaamuliwa. Huwezi kuisogeza kwa kulala chali wala kuiharibu kwa kupanda ngazi.

Hatua ya 2: Piga simu siku hiyohiyo

Usisubiri upate maumivu ndipo utoe taarifa. Siku kipimo kinapoonyesha mimba, au kesho yake asubuhi, wasiliana na daktari, mkunga, au kitengo cha mimba changa kama hospitali unayotibiwa inacho. Mtu mwenye wasiwasi akishika simu huanza kusimulia mwanzo hadi mwisho, mara sauti inakatika, na anayemsikiliza habari kubwa inampita. Andika kwenye karatasi, kisha usome. Kwa mfano:

"Habari za kazi, daktari. Nina mimba changa. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe fulani. Niliwahi kupata mimba ya nje ya kizazi upande wa kushoto, nikafanyiwa upasuaji na mrija ukaondolewa. Naomba kupangiwa altrasaundi ya mapema kuhakikisha mimba ipo ndani ya kizazi. Sasa hivi sina maumivu wala damu. Zikianza, nije wapi, na usiku nimpigie nani?"

Swali la mwisho ndilo la thamani zaidi. Jibu lake liandike kwenye simu yako na ya mwenzako, kwa jina ambalo mtu aliyetaharuki ataliona haraka.

Mengine ya kuulizia katika simu hiyo au ziara ya kwanza ni machache. Kama una kadi au ripoti ya upasuaji, ichukue. Inaeleza mrija wa pili ulionekana una hali gani, na hilo daktari atalitaka. Kama hujui kundi lako la damu, omba kupimwa, kwa sababu mwenye Rh hasi (kundi la damu lenye alama ya kutoa, kama O-) huenda akahitaji sindano maalumu akitokwa damu au akifanyiwa upasuaji. Anza asidi ya foliki, maikrogramu 400 kwa siku, isipokuwa umepangiwa kipimo kingine. Kama mimba iliyopita ilitibiwa kwa sindano ya methotreksati, sema ilikuwa lini. Dawa hiyo huzuia kazi ya foliki mwilini, na kwa kawaida hushauriwa kukaa angalau miezi mitatu kabla ya kushika mimba nyingine. Ikiwa umeshika mapema zaidi ya hapo, usijihukumu kwa kusoma mitandaoni. Mweleze daktari, hiyo ni habari ya kitabibu kama nyingine.

Hatua ya 3: Vielewe vipimo kabla ya kupewa majibu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu ya wiki hizi hutokana na majibu yasiyoeleweka.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinachopima homoni ya mimba, hCG. Kipimo kimoja peke yake hakisemi mimba iko wapi. Watu wawili wenye mimba nzima za wiki tano wanaweza kuwa na viwango vilivyoachana kwa maelfu. Kinachoangaliwa ni mwendo: damu inachukuliwa, halafu inachukuliwa tena baada ya saa 48. Umesikia lazima kiwango kiwe mara mbili, nami nakwambia si lazima. Mimba iliyo salama ndani ya kizazi, iliyoanza na kiwango cha chini ya 1,500, inaweza kupanda kwa asilimia 49 tu ndani ya saa hizo 48 na bado ikawa katika kawaida. Na kadiri kiwango kinavyokuwa kikubwa ndivyo kasi inavyopungua. Kiwango kikipanda kwa kusuasua, au kikisimama, daktari anaongeza uangalizi. Upande wa pili nao usemwe: mimba chache za nje hupanda vizuri mwanzoni kama za ndani. Kwa hiyo kupanda kwa namba ni habari njema, ila hakukupi ruhusa ya kupuuza maumivu makali.

Kipimo cha pili ndicho chenye jibu: altrasaundi. Katika wiki za mwanzo hufanywa kwa kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, kwa sababu kinafika karibu na kizazi na huonyesha mapema kuliko kile cha juu ya tumbo. Hakiharibu mimba. Ratiba yake kwa makadirio ni hii: karibu wiki ya 5 huonekana kifuko cha mimba; siku chache baadaye, katikati ya wiki ya 5 na ya 6, huonekana ndani yake kifuko kidogo cha mviringo kinacholisha kiinitete; karibu wiki ya 6 huonekana kiinitete chenyewe, mara nyingi na moyo ukidunda. Kikionekana kile kifuko kidogo ndani ya kifuko cha mimba kilichopo kwenye kizazi, swali lako la "iko wapi" limejibiwa hata kama moyo bado haujaonekana.

Ndiyo maana, kama huna dalili zozote, altrasaundi hupangwa kati ya wiki ya 6 na ya 7. Najua unaitaka leo. Lakini ukienda wiki ya nne na nusu, uwezekano mkubwa ni kukuta kizazi kitupu, na hicho ndicho hasa ulichokiona mara ile. Utarudi nyumbani na hofu zaidi ya uliyokwenda nayo, bila kujua chochote kipya. Kwa asiye na maumivu wala damu, mimi naona ni heri kusubiri siku kumi ngumu kuliko kupata picha isiyosomeka. Mwenye dalili hali yake ni nyingine, huyo huchunguzwa muda wowote.

Kuna jibu moja la katikati linalotisha kwa jina lake: "mimba ambayo mahali ilipo hapajulikani". Hutolewa pale kipimo cha mimba kinapokuwa chanya na altrasaundi haioni kitu ndani wala nje. Hilo ni jina la hali ya kusubiri, si ugonjwa. Nyingi kati ya mimba hizo haziishii kuwa za nje: baadhi ni changa mno na huonekana baada ya siku chache, baadhi huwa zimeshaanza kuharibika zenyewe. Ukipewa jibu hili usiondoke bila mambo matatu: tarehe ya damu inayofuata, tarehe ya altrasaundi inayofuata, na maelezo ya dalili za kukurudisha mapema.

Hatua ya 4: Zitenge dalili za hatari na dalili za hofu

Ziandike hizi mbili kwenye karatasi tofauti. Ya kwanza ni fupi na haina mjadala. Ukiona mojawapo ya haya, nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, hata kama juzi tu uliambiwa kila kitu kiko sawa lakini mahali ilipo mimba bado hapajathibitishwa:

- Maumivu makali au yanayoongezeka chini ya tumbo, hasa ya upande mmoja na yasiyoondoka.
- Maumivu kwenye ncha ya bega, pale bega linapokutana na mkono, hasa ukilala. Hayatulii kwa kukandwa. Damu ikivuja tumboni huchokoza kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa hapo huyapeleka maumivu begani.
- Kizunguzungu kikali, kuzimia, kupauka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio.
- Damu nyingi ukeni, au damu ya rangi ya kahawia au nyeusi yenye majimaji ikiambatana na maumivu.
- Maumivu yasiyo ya kawaida wakati wa haja kubwa au ndogo, au kuharisha pamoja na maumivu ya tumbo.

Usiendeshe gari mwenyewe. Ukifika mapokezi, maneno ya kwanza yawe: "Nina mimba changa, niliwahi kupata mimba ya nje ya kizazi, na sasa nina maumivu." Ukianza na "tumbo linanisumbua" utaambiwa ukae kwenye benchi.

Karatasi ya pili ni ndefu, na ni ya mambo yanayotisha bila kuwa hatari yakija peke yake. Kuvutavuta chini ya tumbo kama hedhi inataka kuanza. Gesi na kufunga choo, ambavyo homoni za mimba huvileta mapema. Maumivu madogo ya upande mmoja nayo yana maelezo: pale yai lilipotokea kwenye ovari hubaki kifuko kinachotengeneza homoni ya kuilinda mimba, na hicho huweza kuuma kidogo kwa wiki kadhaa. Makovu ya upasuaji yanaweza kuvuta. Matone ya damu hutokea kwa takriban mwanamke mmoja kati ya wanne katika miezi mitatu ya kwanza, na mlango wa kizazi wakati wa mimba hutoa damu kirahisi baada ya tendo la ndoa au hata baada ya altrasaundi ya ukeni. Kwa historia yako, matone yoyote unayaripoti kwa simu siku hiyohiyo. Tofauti ni kwamba unapiga simu, hukimbii na kanga mkononi.

Ukishindwa kujua dalili ni ya karatasi ipi, hiyo ni ya kupigia simu. Hakuna muuguzi mwenye akili zake atakayekuona msumbufu kwa historia hiyo, na akikuona hivyo, mpigie mwingine.

Jambo moja zaidi ambalo huwachanganya wengi: kichefuchefu, matiti kujaa na uchovu havisemi chochote kuhusu mahali mimba ilipo. Mimba ya nje nayo hutoa homoni ileile na huleta dalili zilezile. Kwa hiyo kichefuchefu kikitulia leo si ushahidi wa mabaya, kikirudi kesho si ushahidi wa mema. Kwanza, kwa wengi huanza karibu wiki ya 6. Kutokuwa nacho wiki ya 5 ni kawaida kabisa.

Hatua ya 5: Siku za kusubiri

Anza chooni, maana ndiko hofu inakoishi. Unakwenda haja ndogo, unajipangusa, unainua karatasi kwenye mwanga, unaigeuza, unachukua nyingine, unajipangusa tena. Kisha unaingia tena baada ya nusu saa bila haja yoyote. Sitakwambia usitazame, utatazama tu. Jiwekee kanuni: unaingia ukiwa na haja, unatazama mara moja, unatupa, unatoka. Kujipangusa kwa nguvu mara nyingi huchubua na kuleta hayohayo matone unayoyaogopa.

Vipimo vya mkojo vya nyumbani vifanye mara moja, mbili ikibidi, kisha viondoe nyumbani. Mpe mwenzako avitupe. Havikutengenezwa kupima wingi wa homoni bali kusema ndiyo au hapana. Mstari ukiwa hafifu leo kuliko jana, huenda ulikunywa maji mengi tu. Na homoni ikiwa juu sana, kipimo huweza kuonyesha mstari hafifu kwa sababu kimezidiwa. Watu wamelia usiku mzima kwa ajili ya wino.

Simu nayo. Kutafuta mitandaoni kuna ladha ya kufanya kitu, ndiyo maana ni vigumu kuacha. Lakini angalia unachokitafuta: kwa kawaida ni mtu aliyekuwa na namba kama zako na yakaisha salama. Ukimpata unatulia dakika kumi, halafu unamkuta wa pili ambaye hayakuisha salama. Andika maswali kwenye daftari badala ya kuyaandika kwenye simu, uyapeleke kwa daktari wako. Ukishindwa kujizuia, mpe mwenzako kazi ya kukutafutia, akusomee jibu tu.

Kwa wasiwasi unaozunguka kichwani kutwa, jaribu kuupangia saa. Chagua dakika 15, mfano saa kumi na moja jioni, mbali na muda wa kulala. Wazo la hofu likija asubuhi, liandike neno moja na uliambie saa yake bado. Ikifika saa hiyo, kaa, lisome, liwaze mpaka uchoke, na kama kuna la kufanya, lifanye. Dakika zikiisha funga daftari. Siku mbili tatu za kwanza itakushinda. Mawazo hayana adabu ya foleni. Endelea. Wasiwasi uliopewa nafasi yake hupunguza kuvamia nafasi nyingine.

Usiku ni suala lingine. Ukishtuka saa tisa ya usiku moyo ukienda mbio, kwanza jiulize maswali ya karatasi ya kwanza: kuna maumivu makali? Bega? Kizunguzungu? Damu? Kama ipo hata moja, amsha mtu mwende. Kama hakuna, hii ni hofu, na hofu hutulizwa kupitia mwili kwanza, maneno baadaye. Keti ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili sakafuni. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe taratibu mdomoni ukihesabu hadi sita au nane. Pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayopunguza kasi ya moyo, kwa hiyo usihangaike kuvuta nyingi. Fanya kwa dakika tano. Kisha taja kwa sauti ndogo vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia. Inaonekana kama mchezo wa watoto. Lakini kinachokushtua usiku mara nyingi ni kumbukumbu ya siku ile, mwili umerudi kule, na kutaja pazia, taa na shuka huurudisha hapa. Usingizi usiporudi baada ya dakika ishirini, toka kitandani, fanya jambo lisilo na skrini, urudi ukisinzia.

Maumivu madogo yakikusumbua, parasetamoli kwa kipimo cha kawaida inaruhusiwa. Aibuprofeni na dawa za jamii yake ziache mpaka daktari aseme.

Kazi za kawaida endelea nazo isipokuwa umezuiwa. Kulala kitandani hakuzuii mimba kuharibika, na kunampa mtu saa nyingi zaidi za kusikiliza tumbo lake.

Hatua ya 6: Siku ya altrasaundi

Nenda na mtu. Kama ni chumba kilekile ulichoambiwa habari mbaya mara ile, sema unapopanga miadi; wakati mwingine huwezekana kubadilishiwa chumba au muda, na hata isipowezekana, wahudumu watakuwa wamejua.

Ukiingia, kabla hujalala, mwambie mpimaji: "Niliwahi kupata mimba ya nje. Naomba kama ukiiona ndani ya kizazi uniambie hilo kwanza, mengine baadaye." Hii inasaidia kuliko unavyodhani, kwa sababu mpimaji hunyamaza. Anaigeuza skrini upande wake, anabofya, anapima, anakunja uso. Kunyamaza kwake ni kuhesabu milimita, lakini aliyelala pale akiwa na historia yako husikia msiba. Ukimwomba mapema, wengi hukwambia ndani ya dakika ya kwanza.

Majibu yanaweza kuwa mojawapo ya haya. Mimba ipo ndani na moyo unadunda. Au ipo ndani lakini ni changa kuliko tarehe zako. Unarudi baada ya siku 7 hadi 14, kwa sababu pengine yai lilichelewa kutoka. Hapo usikubali kuambiwa haraka kwamba imekufa: kwa vigezo vinavyotumiwa na wataalamu, kwa kipimo cha ukeni, kiinitete kinatakiwa kiwe kimefika milimita 7 bila moyo kudunda, au kifuko milimita 25 bila kiinitete, kabla ya kutoa uamuzi wa moja kwa moja. Au hakionekani kitu bado. Au, kwa wachache, ipo nje tena.

Hili la mwisho lisemwe waziwazi, kwa sababu unaliwaza hata lisiposemwa. Ikiwa ipo nje, kuigundua wiki ya 6 ukiwa huna damu tumboni ni tofauti kubwa na kuigundua baada ya mrija kupasuka. Huenda kukawa na uchaguzi wa dawa au uangalizi badala ya upasuaji wa dharura. Uangalizi wa mapema haukuzuii kupata mimba ya nje. Unakuzuia kufikia pale ulipofika mara ile.

Hatua ya 7: Watu wa karibu

Mwenzako huenda anaonekana mtulivu mpaka unakasirika. Usidanganyike. Aliyekaa nje ya chumba cha upasuaji akisubiri naye ana picha zake, ila wengi wanadhani kazi yao ni kutoonyesha. Kaeni mara moja mkubaliane: nikisema "nina hofu" nataka unishike tu, nikisema "kuna kitu hakiko sawa" nataka tuondoke. Tofauti hiyo ndogo ya maneno huokoa ugomvi mwingi, na siku mbaya huokoa muda.

Nani aambiwe, ni uamuzi wenu. Kipimo ninachokipenda: mwambie mapema yule ambaye ungemhitaji endapo mambo yangeharibika, wengine wasubiri. Kwa wanaochungulia tumbo na kuuliza kama kuna habari, jibu fupi linatosha: "Shangazi, tukiwa na la kusema tutakuja wenyewe." Hudaiwi maelezo zaidi.

Hatua ya 8: Mimba imeonekana ndani, mbona hofu haijaondoka?

Wengi hutarajia kwamba siku hiyo watafurahi kama watu wengine. Wanatoka na picha mkononi, wanafika nyumbani, na hofu inawasubiri mlangoni ikiwa na swali jipya: je, ikiharibika?

Kwanza lifunge lile la zamani. Mimba ikithibitishwa ndani ya kizazi, suala la mimba ya nje kwa kawaida limekwisha. Kuwa na mimba mbili, moja ndani na nyingine nje kwa wakati mmoja, ni nadra sana kwa walioshika mimba kwa njia ya kawaida, takriban 1 kati ya 30,000. Kwa waliopandikizwa viinitete huwa ni zaidi ya hapo, hivyo wao wakipata maumivu makali wataje matibabu hayo. Baada ya hapo, kuwahi kupata mimba ya nje hakukufanyi uwe na hatari kubwa mno kuliko wengine ya mimba hii kuharibika, na kuona moyo ukidunda hupunguza hatari hiyo zaidi.

Kama hofu inaendelea kukutawala ingawa majibu ni mazuri, pengine si hofu ya mimba hii. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti uliofuatilia zaidi ya wanawake 600 katika hospitali tatu za London waliopoteza mimba changa au kupata mimba ya nje. Mwezi mmoja baadaye, asilimia 29 walikuwa na dalili za kiwewe. Baada ya miezi tisa, asilimia 18 walikuwa bado nazo. Kwa hiyo unaweza kushika mimba mpya ukiwa bado umebeba kiwewe cha ile ya kwanza.

Dalili zake ni kama hizi: picha za siku ile zinakujia bila kuziita, ndoto mbaya, unakwepa kupita karibu na hospitali au unaruka miadi ya kliniki, unashtuka kwa kila kitu, hujisikii chochote kuhusu mtoto, kana kwamba mimba ni ya mtu mwingine. Zikidumu zaidi ya mwezi, au ukikaa wiki mbili mfululizo ukiwa na huzuni, hulali, huli, mwambie mkunga au daktari kwa maneno hayohayo. Kiwewe kina matibabu yanayofanyika hata ukiwa mjamzito: tiba ya mazungumzo inayobadili namna ya kufikiri na kutenda, na ile ya kuchakata kumbukumbu kwa kutumia mwendo wa macho. Kama ulikuwa unatumia dawa za sonona au wasiwasi, usiziache ghafla kwa sababu kipimo kimeonyesha mimba; baadhi huendelea kutumika wakati wa ujauzito, na kuacha ghafla kuna madhara yake. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, hiyo ni dharura kama damu ilivyo dharura: usibaki peke yako, nenda hospitali.

Kuhusu mtoto, hulazimiki kumpenda kwa ratiba. Wapo wanaonunua nguo wiki ya nane, wapo wasiotaja jina mpaka mwezi wa saba. Kujizuia kufurahi hakupunguzi maumivu endapo mambo yataharibika, lakini pia hakumdhuru mtoto, hivyo usijiongezee hatia.

Miadi iliyobaki huwa ya kawaida. Kwa aliyeondolewa mrija au kutibiwa kwa sindano, historia hiyo peke yake haibadilishi namna ya kujifungua. Anayetakiwa kuuliza mapema ni yule ambaye mimba yake ya nje ilitunga pale mrija unapoingia kwenye kizazi akakatwa sehemu ya ukuta wa kizazi, au ilitunga kwenye kovu la upasuaji wa uzazi. Huyo apeleke ripoti ya upasuaji kwa daktari wa uzazi mwanzoni kabisa, kwa sababu kovu hilo linaweza kuamua kama atajifungua kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, na lini.